Klachi Inayogutuka na Kapu Lililoliwa

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu klachi ya pikipiki, na hasa ile klachi inayogutuka. Unaachia mkono taratibu, pikipiki haiondoki. Unaachia kidogo tena, bado. Halafu ghafla inashika yote, inaruka mbele, abiria anarudi nyuma na kukukamata shati. Madereva wengi wa bodaboda wameizoea hali hii kiasi kwamba hawaioni tena. Ukimuuliza mtu anakwambia pikipiki yake ndivyo ilivyo, ukiielewa haina shida.

Mimi sikubaliani naye, kwa sababu ya yule aliyekaa nyuma. Tazama vituoni kwetu wakati wa asubuhi. Mama amekaa upande, gauni limembana magoti, mkono mmoja umemshika mtoto na mwingine umeshika mfuko wa sokoni. Mguu mmoja tu ndio uliopata mahali pa kukanyaga. Pikipiki ikigutuka wakati wa kuondoka, mama huyu hana cha kushika. Anaangukia nyuma, na kinachotangulia kufika chini ni kisogo. Tukizungumzia usalama wa bodaboda tunataja kofia ngumu, taa na breki, na ni sawa kabisa kuvitaja. Klachi inastahili kuwekwa kwenye orodha hiyo hiyo.

Dawa ya kugutuka ipo, na mara nyingi ni spea bora kuliko ile iliyokuja na pikipiki. Lakini hapo ndipo pesa za vijana wetu zinapopotea. Kijana anaingia duka la spea eneo la Gerezani, anaeleza shida yake, anauziwa springi ngumu na pleti za rangi ya kuvutia, anarudi kijiweni, fundi anafunga, na baada ya wiki moja pikipiki inagutuka vilevile au zaidi. Spea hazikuwa mbaya. Ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Katika klachi inayogutuka, mahali hapo mara nyingi ni kapu, na kapu ndicho kitu cha mwisho ambacho watu hukubali kununua.

Niliposema kapu, wengine mmenielewa na wengine hapana, kwa hiyo nieleze namna klachi inavyofanya kazi. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria hapa kwetu, iwe Boxer ya Bajaj, iwe TVS, iwe zile za Kichina zilizotokana na Honda CG125 ya mwaka 1976, zina klachi ya pleti nyingi inayooga ndani ya oili ya injini. Kuna kapu la aluminiamu, mafundi wengine huliita hausingi. Limefungwa kwenye gia kubwa inayosukumwa na kranki, kwa hiyo injini ikiwaka kapu linazunguka muda wote, hata kama umesimama kwenye taa. Katikati ya kapu kuna kitovu, na kitovu kimeshikana na shafti ya giaboksi. Kati ya kapu na kitovu ndipo pleti zinapopangwa: moja ya msuguano, moja ya chuma, tena ya msuguano, tena ya chuma, mpaka ziishe. Pleti za msuguano zina masikio kwa nje, nayo huingia katika nafasi zilizo kati ya vidole vya kapu. Zile za chuma zina meno kwa ndani, nayo hushika kitovu. Juu ya zote inakaa sahani ya kubana, na springi nne au zaidi zinaikandamiza.

Ukibana mkono wa klachi, waya unavuta, sahani inainuka, pleti zinaachana, kapu linabaki kuzunguka peke yake. Ukiachia, springi zinazirudisha pamoja. Baina ya kuachana na kushikana kuna muda mfupi ambao pleti zimegusana lakini bado zinateleza. Ulaini wote wa kuondoka unapatikana katika muda huo. Na ili upatikane, kila pleti lazima iweze kusogea mbele na nyuma ndani ya kapu bila kukwama popote. Shika neno hilo, kusogea bila kukwama, maana yote yatakayofuata yanalihusu.

Sasa chukua injini yetu ya silinda moja. Ikiwa inanguruma yenyewe bila kuvutwa mafuta, tuseme mizunguko 1,400 kwa dakika, inawaka mara 700, kwa kuwa injini ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko 2 ya kranki. Ukivuta mpaka 6,000, inawaka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde. Kila inapowaka, pigo linasafiri kupitia gia hadi kwenye kapu, na kapu linagonga masikio ya pleti kwa vidole vyake. Nafasi kati ya sikio na kidole ni ndogo mno, lakini ipo, na lazima iwepo ili pleti isogee. Kidole ni cha aluminiamu ya kumiminwa, kinapigwa mahali pale pale kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Baada ya muda kila sikio linajichimbia kitanda chake kwenye kidole, na kidole kizima kinakuwa na ngazi, shimo moja kwa kila pleti.

Pleti iliyozama kwenye kitanda hicho haiwezi tena kusogea inavyotaka. Unaachia mkono, springi inaisukuma, nayo inang'ang'ania ukingo wa shimo. Ni kama droo ya kabati la zamani: unavuta haiji, unaongeza nguvu, halafu inatoka yote kwa mkupuo. Huko ndiko kugutuka kunakotoka. Na ukibana klachi mambo ni yale yale kwa upande wa pili, pleti zinagoma kuachana, kwa hiyo unaingiza gia ya kwanza inalia kong! na pikipiki inataka kutambaa ingawa mkono umeubana hadi mwisho.

Pikipiki ya mtu wa ofisini inayokwenda kazini na kurudi inaweza kukaa miaka mingi kabla kapu halijafika hapo. Bodaboda ni jambo jingine. Hapa kuna mshikaki, watu wawili au watatu nyuma ya dereva. Kuna gunia la mkaa. Kuna mchanga wa mitaani unaolazimisha kuondoka na klachi nusu. Kuna vilima vya Lushoto na mawe ya Mwanza, ambako dereva hushikilia pikipiki isirudi nyuma kwa kuiachia klachi kidogo badala ya kukanyaga breki. Kila sekunde ya kushikilia mlima kwa klachi inazichoma pleti. Zile za chuma hupata moto hadi zikageuka rangi ya bluu na kupinda. Pleti iliyopinda haigusi pote kwa wakati mmoja, hugusa upande huu, ikaachia, ikagusa upande ule. Hiyo ni njia ya pili ya kugutuka, na mara nyingi inafuatana na ile ya kapu.

Kabla hujamwaga oili na kufungua kifuniko, hakikisha kwanza kwamba mwenye kosa ni klachi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimeona injini nyingi zikifunguliwa kwa kosa la cheni. Nenda mahali patupu pasipo watu. Ondoka taratibu kwa gia ya kwanza na usikilize kugutuka kunatokea lini. Kama kunatokea mkono ukiwa njiani kuachiwa, na kunaisha mara tu mkono ukiachiwa wote, klachi ina kesi ya kujibu. Lakini kama pikipiki inaendelea kurukaruka hata mkono ukiwa umeachiwa kabisa, unakwenda polepole kwa gia ya pili, basi tazama cheni iliyolegea, sproketi iliyochongoka meno, na raba zilizo ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Raba hizo zimewekwa kupunguza mshtuko. Zikiisha, sproketi inacheza, na kila unapovuta mafuta chuma kinagonga chuma. Kabureta yenye uchafu nayo huleta rabsha inayofanana na hiyo.

Halafu kuna waya wa klachi, ambao ni spea ya bei ndogo kuliko zote katika habari hii. Uchomoe kwenye mkono, uvute na kuurudisha kwa vidole. Ukisikia unakwaruza, au ukiona nyuzi zimeanza kukatika pale kwenye kichwa chake, usiendelee na mengine, badilisha. Waya unaokwama unaachia klachi kwa vipande vipande hata kama ndani kila kitu ni kipya. Angalia pia umepita wapi, maana fundi aliyebadilisha taa jana anaweza kuwa ameubana nyuma ya kichwa cha pikipiki, ukawa unakunjwa kila usukani unapogeuzwa. Uhuru wa mkono, yaani ule mwendo mtupu kwenye ncha ya mkono kabla klachi haijaanza kuvutwa, katika pikipiki nyingi ndogo ni milimita 10 hadi 20. Ukiwa mdogo mno, klachi inateleza. Ukizidi, haiachii vizuri.

Na oili. Oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayoogesha klachi, kwa hiyo oili isiyofaa ni ugonjwa wa klachi moja kwa moja. Oili nyingi za magari ya kisasa zina dawa za kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo. Gari halidhuriki, kwa sababu klachi yake iko pakavu nje ya injini. Pikipiki inadhurika, maana dawa ile inaingia kwenye pleti, pleti zinaanza kuteleza, kuteleza kunaleta moto, moto unapinda zile za chuma, na safari ya kugutuka imeanza. Wajapani waliweka kiwango kwa ajili ya jambo hili tangu 1998, nacho kinaandikwa nyuma ya kopo: JASO MA, au MA2, ndizo za klachi inayooga oili. Ukiona JASO MB, hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake haiko ndani ya oili. Tafuta herufi hizo kabla ya kutazama bei. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji, isiyo na jina wala herufi, sikushauri kamwe kuitia kwenye pikipiki inayokulisha.

Tuseme waya ni mzima, cheni imekazwa, oili ni sahihi, na bado inagutuka. Sasa tufungue. Oili imwagwe ikiwa na uvuguvugu, kiki itolewe, kikanyagio kikizuia nacho kitolewe, skrubu za kifuniko zitoke zikipangwa kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio wa mahali zilipokuwa, kwa sababu urefu wake haulingani. Springi zilegezwe kidogokidogo kwa kupishana pande, isiwe unamaliza moja ndipo uende nyingine, la sivyo sahani inaelemea upande mmoja na kuvunja nguzo za aluminiamu zinazoshika bolti. Halafu kitovu kitoke. Hapo ndipo roho yangu huumia. Nati ya kitovu katika pikipiki nyingi ina mapengo manne na inataka soketi yake maalumu, na mafundi wetu wengi huifungua kwa patasi na nyundo. Kila pigo la nyundo pale linakwenda kwenye shafti na kwenye bearing zake. Soketi ile si ghali, na inadumu maisha ya fundi.

Pleti zikishatoka, kapu liko wazi mbele yako. Lifute kwa kitambaa, liweke penye mwanga, upitishe ukucha kwenye ubavu wa kidole kimoja, kutoka juu kwenda chini. Kidole kizima ukucha unateleza bila kusikia kitu. Kidole kilicholiwa, ukucha unaruka: shimo, ukingo, shimo, ukingo. Unaweza kuzihesabu pleti kwa ukucha, ukiwa umefumba macho. Pitia vidole vyote na pande zote mbili, maana ubavu unaosukuma huliwa zaidi ya ule wa pili. Halafu kamata gia ya nyuma kwa mkono mmoja na kapu kwa mkono mwingine, ujaribu kuvizungusha kinyume. Kati yake kuna springi au raba za kupunguza mshtuko, na zinatakiwa kukupinga. Zikikubali kirahisi, kapu limekwisha hata kama vidole vyake ni vizima.

Pleti za chuma zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha. Kioo kimenyooka kuliko meza yoyote ya gereji. Ingiza kipande chembamba cha geji pembeni. Kikipita cha milimita 0.2, pleti hiyo imepinda, itupe. Za msuguano zipime kwa kalipa. Mpya huwa na unene wa karibu milimita 3 katika pikipiki nyingi za CC 125 hadi 150, na zikipungua hadi kukaribia 2.6 zimefika mwisho. Ziangalie pia uso. Zikiwa zinang'aa utadhani zimepakwa vanishi, zimeungua hata kama unene upo. Springi zisimamishe zote kwenye kioo kwa pamoja. Iliyo fupi kuliko wenzake utaiona kwa macho.

Ukiwa na majibu hayo mkononi, sasa unaweza kuzungumza na mwenye duka.

Nianze na springi ngumu, kwa kuwa ndizo zinazouzwa kwa maneno mengi. Springi ngumu zinatibu klachi inayoteleza: injini inalia, pikipiki haiendi. Hazitibu kugutuka. Ukiziweka kwenye kapu lililoliwa, unaisukuma pleti kwa nguvu zaidi kuutoka ukingo wa shimo, na ikishautoka inashika kwa kishindo kikubwa zaidi. Juu ya hayo mkono unakuwa mzito, waya unachakaa haraka, na dereva anayebana klachi kutwa nzima kwenye foleni anarudi nyumbani na maumivu ya kiganja. Springi za kiwango cha kiwanda, mpya zote kwa pamoja, zinamtosha mtu wa abiria.

Pleti za msuguano zinataka fikra zaidi. Zile za bei rahisi zina vipande vya gome laini, lile linalotengenezewa vizibo, au karatasi ngumu iliyolowekwa gundi. Zinashika kwa ulaini ila haziwezi moto. Zilizoboreshwa huchanganywa nyuzi za aramidi, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Kevlar. Hizo zinastahimili moto sana na hudumu, ila baadhi yake hushika kwa ukali hasa injini ikiwa bado baridi. Kwa anayepanda milima na mizigo kila siku nazipendekeza. Kwa anayezunguka mjini tambarare na abiria mmoja, pleti nzuri za kiwanda ni laini zaidi na zinamtosha. Lakini sikiliza: usifunge pleti mpya za aina yoyote kwenye kapu lenye mashimo. Masikio mapya yana kona kali na unene wake kamili, wala hayalingani na vitanda vilivyochimbwa na masikio ya zamani. Yatakwama papo hapo, na yataanza kuchimba upya.

Kuna uboreshaji mmoja ninaoupenda kwa dhati, nao ni wa kuongeza pleti. Katika familia ya CG utakuta madukani kapu za pleti 5 na kapu za pleti 6. Fanya hesabu pamoja nami. Kila pleti ya msuguano ina nyuso 2. Pleti 5 zina nyuso 10, pleti 6 zina nyuso 12. Uwezo wa klachi kubeba nguvu hufuata idadi ya nyuso, kwa hiyo umeongeza asilimia 20 na springi ni zile zile, na mkono haukuongezeka uzito hata kidogo. Ungetaka kupata nyongeza hiyo kwa springi, mkono wako ungelipa asilimia 20. Tahadhari ni moja. Tuseme sahani ya kubana inainuka milimita 2. Mwinuko huo ulikuwa ukigawanywa kwa nafasi 10, kila nafasi 0.2. Sasa unagawanywa kwa 12, kila nafasi inapata chini ya 0.17. Maana yake waya uliolegea, ambao klachi ya zamani iliusamehe, hii haitausamehe. Na kapu, kitovu, sahani na pleti vinunuliwe kama seti, visichanganywe.

Tunafika kwenye kapu lenyewe. Katika mbio za pikipiki za matopeni huko Marekani na Ulaya walikutana na mashimo haya mapema, kwa sababu wale huitesa klachi kwa dakika chache kuliko sisi kwa wiki. Makampuni kama Hinson ya Marekani yakaanza kutengeneza kapu zilizochongwa kutoka kwenye kipande kizima cha aluminiamu ngumu, kisha uso wake ukaimarishwa zaidi kwa umeme na tindikali. KTM ya Austria ikaenda njia nyingine, ikatumia kapu la chuma cha pua cha nguvu katika pikipiki zake za mashindano. Kote wazo ni lile lile: kifanye kidole kiwe kigumu ili sikio lishindwe kukichimba, na pleti zitasogea daima.

Kwa pikipiki zetu, kapu za namna hiyo ni nadra. Uboreshaji unaowezekana ni kapu halisi la kiwanda, au la daraja la kwanza, badala ya lile jepesi lililorundikwa kwenye kontena. Utalitambuaje? Nenda dukani na kapu lako la zamani na pleti moja mpya ya msuguano. Hesabu meno ya gia ya kapu jipya na ya lile la zamani, lazima yawe sawa kabisa, kwa maana hata ndani ya CG idadi hutofautiana kati ya watengenezaji. Angalia kama meno yamekatwa wima au mshazari. Pitisha ukucha kwenye vidole: viwe laini, bila vipele vya kumiminia. Tazama ribiti za nyuma, zisicheze. Kisha fanya jaribio langu la mwisho. Simamisha kapu wima mezani, weka pleti juu na uiachie. Inatakiwa kushuka kwa uzito wake mwenyewe hadi chini. Izungushe hatua moja, iachie tena, mpaka masikio yamepita katika nafasi zote. Ikikwama hata mahali pamoja, mrudishie mwenye duka. Asipokuruhusu kujaribu, nenda duka la pili.

Najua swali la wengi: na tupa je? Mashimo yakiwa madogo, nusu milimita kushuka chini, tupa laini inasaidia. Unasugua ubavu wa kidole sawasawa mpaka ngazi ziishe, vidole vyote kwa kiasi kimoja, kisha unaosha unga wote wa aluminiamu. Pikipiki itakuwa laini siku hiyo hiyo. Lakini umeongeza nafasi kati ya sikio na kidole, kwa hiyo kila pigo sasa linapata mwendo wa kujitupia, na mashimo yatarudi mapema kuliko yalivyokuja mara ya kwanza. Kwa mtu anayekusanya pesa ya kapu jipya, tupa inampa muda. Na kapu gumu lililoimarishwa uso halipigwi tupa kamwe, kwa sababu ule ugumu uliolipia ni ngozi nyembamba ya juu tu.

Wakati wa kufunga, loweka pleti za msuguano kwenye oili safi, ile utakayoitumia, usiku mzima kama nafasi ipo. Pleti kavu ikizungushwa inaungua katika dakika ya kwanza ya maisha yake. Pleti za chuma zina upande wenye ukingo mkali, zielekeze zote upande mmoja. Bolti za springi zikazwe kwa kupishana na kwa upole, ni bolti ndogo za milimita 6, zinashika kwenye aluminiamu. Na kwa kuwa upande huo umefunguliwa, safisha kichujio cha oili kilicho mbele ya kranki. Kwenye CG ni kile kisahani kinachozunguka na kuzitupa takataka pembeni. Ndani yake utakuta matope meusi yenye vumbi linalometameta. Ni vidole vya kapu lako vilivyosagwa. Gasketi iwe mpya.

Kilomita mia chache za mwanzo usibebe mshikaki, wala usishikilie mlima kwa klachi. Breki ya nyuma ipo kwa kazi hiyo. Pleti mpya hujilaza, na uhuru wa mkono utabadilika, kwa hiyo urekebishe baada ya siku ya kwanza na tena baada ya wiki. Oili hiyo ya kwanza imwage mapema kuliko kawaida.

Nina ombi kwa viongozi wa vijiwe. Mnachanga kwa misiba na kwa harusi, na ni jambo jema sana. Changeni mara moja kwa ajili ya soketi ya nati ya klachi, kalipa moja na seti ya geji, vikae kwa mweka hazina, na kila fundi anayehudumia kijiwe chenu avitumie. Fundi akiwa na kipimo hatabahatisha kwa pesa ya dereva.

Na kapu la zamani ukishalitoa, lisibaki gereji. Yako mengi yanayookotwa, yanapigwa tupa, yanaoshwa kwa petroli na kurudi kwenye rafu yakiwa ndani ya mfuko mpya. Chukua msumeno wa chuma, ukate kidole kimoja, ndipo ulipeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu.